Kuishtaki Serikali kwa Kosa la Polisi: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Arusha na Moshi

Kesi nyingi za fidia dhidi ya polisi hazifiki hatua ya kusikiliza mashahidi. Zinafia kwenye pingamizi la awali. Wakili wa Serikali anasimama na kumweleza jaji kwamba notisi haikutolewa, au Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa, au muda umepita, na jaji analazimika kuliondoa shauri. Aliyevunjwa mkono anarudi nyumbani akiamini kwamba Serikali haishtakiki.

Inashtakika. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inasema katika kifungu cha 3 kwamba Serikali inabeba dhima kama ambavyo mtu binafsi mwenye umri kamili angebeba, yakiwemo makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Kinga iliyobaki, yaani mambo ambayo Serikali haishtakiki kwayo, ipo, ila ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kinachowaangusha wengi ni utaratibu, na utaratibu mtu anaweza kujifunza.

Mwongozo huu unahusu fidia ya pesa peke yake. Kama ndugu yako bado yuko mahabusu, anza na kumtoa: dhamana kwanza, na ikishindikana, wakili apeleke maombi Mahakama Kuu ili polisi waamriwe kumfikisha mbele ya mahakama au kumwachia. Fidia itafuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya hatua yoyote

- Daftari moja la tarehe: siku na saa ya kukamatwa, kituo, siku ya kuachiwa, majina ya walioshuhudia.
- Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, iliyojazwa na daktari, pamoja na kadi na karatasi zote za hospitali.
- Namba ya RB, yaani kitabu cha taarifa cha kituo, ya taarifa uliyotoa, au ya kesi uliyobambikiwa.
- Nakala ya hati ya dhamana, na kama ulifikishwa kortini, hati ya mashtaka na uamuzi vyenye muhuri wa mahakama.
- Hati ya kukamata mali, kama walichukua simu, pikipiki au fedha.
- Risiti za kila ulichotumia: dawa, nauli, wakili, matengenezo.
- Kitambulisho cha Taifa, na kwa familia ya marehemu, barua za usimamizi wa mirathi.

Ukikosa kimoja au viwili usikate tamaa. Ila PF3 na tarehe sahihi ni nguzo.

## Hatua ya 1: Hakikisha aliyekukosea ni polisi

Hapa kwetu sare ni nyingi. Aliyemwaga nyanya za mama muuza mboga pembeni ya soko la Kilombero huenda ni mgambo wa jiji, na huyo ni mtu wa Halmashauri. Aliyekupiga mpakani mwa hifadhi huenda ni askari wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na huko Ngorongoro huenda ni wa Mamlaka ya Hifadhi. Ulinzi shirikishi wa mtaa nao una maswali yake: nani aliwaagiza, na je, polisi walikuwepo?

Umuhimu wake ni huu: mdaiwa wa kwanza katika kesi ni taasisi inayodaiwa kutenda kosa. Ukiandika notisi kwenda polisi wakati mkosaji ni mgambo, siku 90 zako zimeliwa bure.

Andika namba ya askari kama uliiona kwenye sare. Andika namba ya gari. Magari ya polisi yana vibao vinavyoanza na PT. Kama walikuja na nguo za kiraia, andika kituo walichokupeleka. Kituo ndicho kitakachowaunganisha na Jeshi la Polisi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema: askari wa kituo fulani, tarehe fulani, mahali fulani, walifanya jambo fulani.

## Hatua ya 2: Pima kama kosa lako linaangukia ndani ya kinga

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama una kesi.

Kazi ya mahakama. Kifungu cha 3 kinaikinga Serikali kwa jambo lililofanywa na mtu anayetekeleza jukumu la kimahakama au anayetekeleza amri ya mahakama. Hakimu akikunyima dhamana kimakosa, dawa yake ni rufaa au marejeo, huwezi kudai fidia kutoka Serikalini. Vivyo hivyo, askari aliyekukamata kwa hati iliyotolewa na hakimu anasimama nyuma ya hati hiyo. Kinga hii haimpi ruhusa ya kukuvunja meno wakati wa kukukamata. Nguvu anayotumia inapaswa kuwa ile inayohitajika tu. Kwa hiyo usilalamikie kukamatwa, lalamikia kipigo.

Kitendo nje ya kazi. Askari aliyegombana na jirani yake kwenye kilabu cha mbege akiwa likizo ametenda kama jirani. Mshtaki yeye binafsi. Lakini usikubali haraka jibu la «huyo hakutumwa». Kama alivaa sare, alitumia gari la kazi, alikuingiza mahabusu au alikuandikia maelezo, alikuwa anafanya kazi ya mwajiri wake, hata kama aliifanya vibaya na kinyume cha maagizo. Kukosea kazini na kuacha kazi ni mambo mawili, na kesi yako inasimama juu ya tofauti hiyo.

Ukamataji halali. Hii si kinga, ni utetezi, lakini inaua kesi zaidi kuliko kinga yenyewe. Askari mwenye sababu za msingi za kukushuku anaweza kukukamata bila hati kwa makosa mengi, hata ikija kugundulika huna hatia. Kuachiwa huru peke yake hakukupi fidia.

Kwa hiyo tafuta ni sharti gani la Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, lilivunjwa. Hukuambiwa sababu ya kukamatwa? Ulikaa zaidi ya saa 24 bila dhamana ya polisi wala kufikishwa kortini, na kosa si miongoni mwa yale mazito yanayotajwa na sheria? Mali yako ilichukuliwa bila hati iliyosainiwa na shahidi? Ulipigwa ukiwa umeshatulia? Kila jibu la «ndiyo, walivunja» liandike kwenye mstari wake. Mistari hiyo ndiyo itakuwa mwili wa notisi.

Tahadhari kwa wanaotaka kudai kushtakiwa kwa hila: lazima uthibitishe kwamba ulishtakiwa, kesi iliisha kwa upande wako, hapakuwa na sababu ya msingi, palikuwa na nia mbaya, na uliumia kwa hilo. Kama Mkurugenzi wa Mashtaka alisema tu hana nia ya kuendelea, sheria inaruhusu ukamatwe upya, na wakili wa Serikali atasema kesi haijaisha. Mara nyingi dai la kufungwa isivyo halali ni imara zaidi kuliko hili.

Umefaulu ukiwa na sentensi moja isiyotaja hasira, inayotaja sheria iliyovunjwa.

## Hatua ya 3: Hesabu muda, kwa ukali

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara ya kawaida, kama kupigwa. Watu husikia miaka 3 wakalala.

Jedwali la sheria hiyohiyo lina kipengele kingine mwanzoni kabisa: dai la fidia kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa kudaiwa kutekeleza sheria iliyoandikwa lina mwaka 1. Polisi karibu kila wanachofanya watasema walikuwa wanatekeleza sheria. Wewe unaweza kujibu kwamba kipigo si utekelezaji wa sheria yoyote, na unaweza kushinda hoja hiyo. Lakini kwa nini uiweke kesi yako rehani kwenye hoja? Jiwekee mwaka 1.

Kisha usitegemee siku 90 za notisi kuongezwa kwenye muda wako. Hesabu kana kwamba saa haisimami.

Tuchukue mfano. Dereva wa bodaboda wa Ngaramtoni alikamatwa tarehe 6 Machi 2025, akaachiwa tarehe 10 Machi 2025. Mwaka wake, tukiuhesabu tangu kuachiwa, unaisha 10 Machi 2026. Notisi ikipokelewa Dodoma tarehe 10 Desemba 2025, siku ya 90 inaangukia 10 Machi 2026. Amekwisha: akifungua siku hiyo, siku 90 hazijapita; akifungua kesho yake, mwaka umepita. Angetuma notisi Aprili au Mei 2025, angekuwa na miezi ya kupumua.

Na hapa kuna tofauti inayowachanganya hata waliosoma. Shauri lililofunguliwa bila notisi *linaondolewa*, unaweza kurekebisha na kurudi. Shauri lililopitwa na muda *linatupiliwa mbali*, na mlango unafungwa. Waziri wa Sheria anaweza, akishauriana na Mwanasheria Mkuu, kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu, lakini hiyo ni huruma ya kuombwa, usiipangie bajeti.

Malalamiko kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora yana faida yake, na hayana ada. Hayasimamishi muda. Peleka malalamiko na notisi wiki ileile.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi ungali mbichi

PF3 inatolewa kituo cha polisi, na ndipo penye ugumu, kwa sababu unawaomba haohao. Nenda kituo tofauti na kile kilichokuumiza. Hali ikiwa mbaya, nenda hospitali kwanza, Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi, utibiwe, halafu mtu akufuatilie fomu. Mwambie daktari chanzo cha jeraha waziwazi. Kadi ikiandikwa «alianguka», utahangaika nayo hadi hukumu.

Piga picha za majeraha siku ya kwanza, kisha rangi inapobadilika. Mwombe mwenye duka mwenye kamera akuhifadhie picha mapema, kwa maana mifumo mingi hujifuta. Mashahidi wako waandike maelezo yao kwa mkono na kusaini wakati kumbukumbu iko safi.

Fidia ni za aina mbili. Hasara halisi, kama dawa, matengenezo na siku za kazi zilizopotea, lazima itajwe kwa kila shilingi na ithibitishwe kwa kila risiti. Fidia ya jumla, yaani maumivu, fedheha na kupotezewa uhuru, jaji huikadiria. Risiti za bajaji zinaonekana ndogo, lakini ndizo zinazomwonyesha jaji mtu anayesema kweli.

Kama mtu amefariki. Familia isikimbilie notisi ikiwa haina msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kiteue, Mahakama ya Mwanzo ithibitishe, ndipo msimamizi aandike kwa jina lake. Sambamba na hilo, dai uchunguzi wa kifo mbele ya mahakama chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24. Kifo mikononi mwa polisi kinauhitaji. Msimzike marehemu kabla daktari hajaandika chanzo cha kifo. Najua uzito wa kusema hivi kwa watu walio matangani, lakini kufukua baadaye ni uchungu mara mbili.

## Hatua ya 5: Andika na uwasilishe notisi ya siku 90

Kifungu cha 6 kinataka vitu vichache: notisi isiyopungua siku 90, iende kwa wizara, idara au ofisa anayehusika, itaje msingi wa dai, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali.

Kwa polisi, mwandikie Mkuu wa Jeshi la Polisi na Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Nakala kwa hao wawili wa sheria. Mimi huongeza Kamanda wa Mkoa, kwa sababu huko ndiko faili lilipo.

Mwili wake usizidi kurasa mbili. Mfano:

> YAH: NOTISI YA SIKU 90 YA KUSUDIO LA KUISHTAKI SERIKALI CHINI YA KIFUNGU CHA 6 CHA SURA YA 5
>
> Tarehe 6 Machi 2025 saa 3 usiku, nikiwa Ngaramtoni, nilikamatwa na askari wa kituo cha … Sikuelezwa kosa. Nilishikiliwa hadi tarehe 10 Machi 2025 bila dhamana na bila kufikishwa mahakamani. Nilipigwa mkono wa kushoto ukavunjika. Pikipiki yangu yenye namba … ilizuiliwa bila hati.
>
> Kwa kufungwa isivyo halali, kupigwa na kuzuiliwa mali, nadai hasara halisi ya shilingi … kama ilivyo kwenye kiambatisho, na fidia ya jumla. Nisipolipwa ndani ya siku 90 tangu kupokelewa kwa notisi hii, nitafungua shauri Mahakama Kuu bila taarifa nyingine.

Kila dai utakalolipeleka kortini liwemo humu. Ukitaja kipigo peke yake kwenye notisi, kisha ukaongeza pikipiki kwenye kesi, utawekewa pingamizi.

Peleka kwa mkono upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au tuma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta. Kwa Arusha, posta ya Mnara wa Saa inatosha. Tunza risiti na uthibitisho wa kufika. Siku zihesabiwe tangu kupokelewa, si tangu kutuma.

Umefaulu ukiwa na nakala yenye muhuri au uthibitisho kwa kila aliyeandikiwa. Ukimya wao si kushindwa kwako. Wakikuita kwa mazungumzo, nenda na wakili, na usisaini «nimeridhika» kwa ahadi ya mdomo.

## Hatua ya 6: Fungua shauri Mahakama Kuu, na kwa majina sahihi

Hata kama unadai shilingi milioni 2, usiende Mahakama ya Wilaya. Kifungu cha 7 kinasema shauri la madai dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu tu.

Masjala ni ya eneo lilikotokea tukio. La Sakina au Monduli ni Arusha. La Majengo au Rombo ni Moshi. La uwanja wa KIA ni Moshi ingawa unaishi Usa River, kwa sababu uwanja uko Hai. Mererani iko Manyara, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Wadaiwa: Mkuu wa Jeshi la Polisi au Wizara, kama ulivyoandika kwenye notisi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, kutomuunganisha kunabatilisha mwenendo mzima. Askari aliyekuumiza unaweza kumuunganisha kwa jina. Fanya hivyo kama kuna hatari ya Serikali kumruka.

Kituo cha polisi usikishtaki. Kituo hakina nafsi kisheria.

Hati ya madai inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, na unapewa namba ya malipo ya ada. Ambatisha notisi na uthibitisho wa kupokelewa, na ueleze kwenye aya yake kwamba siku 90 zimepita. Usipoieleza, utapingwa hata kama uliitoa.

Mambo mawili ya kutoomba. Usiombe amri ya zuio dhidi ya Serikali. Sheria inamruhusu jaji kutamka haki yako tu. Na usifungue shauri la kikatiba chini ya Sura ya 3 kwa kudhani lina nguvu zaidi: mahakama hukataa penye njia nyingine ya kutosha, na hii ndiyo njia hiyo.

Wakazi wa Arusha huuliza pia kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko hapahapa mjini. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na uondoaji huo ukaanza kazi Novemba 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ina ukomo wa miezi 2 na haikuundwa kwa ajili ya mkono uliovunjika Ngaramtoni.

Wakili ni muhimu hapa kuliko hatua zote. Asiye na uwezo aende kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi Arusha, na Moshi wapo KWIECO. Nenda na faili lililopangwa kwa tarehe. Na fahamu kwamba ukishindwa, mahakama inaweza kukuamuru ulipe gharama za upande wa pili.

Umefaulu ukipewa namba ya shauri na jina la jaji, na pingamizi la awali likaja likakosa pa kushika.

## Hatua ya 7: Usuluhishi, ushahidi, na kulipwa

Kabla ya kusikilizwa kutakuwa na usuluhishi. Uchukulie kwa uzito, na ujue kiasi chako cha chini kabla ya kuingia. Makubaliano yakisajiliwa mahakamani yanakuwa na nguvu ya hukumu.

Kwenye ushahidi, eleza ulichokiona mwenyewe. Daktari aeleze jeraha. Omba mahakama iamuru kituo kilete kitabu cha mahabusu, maana ndimo saa ya kuingia na kutoka ilimoandikwa, na kikikosekana, wao ndio watakaotakiwa kueleza kiko wapi.

Ukishinda, usimtafute dalali wa mahakama. Mali ya Serikali haikamatwi. Hii ndiyo sehemu ya kinga iliyobaki imara kabisa. Unachoomba ni hati ya mahakama inayothibitisha kiasi unachodai. Hati hiyo unaipeleka kwa taasisi iliyoshtakiwa, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, ukiambatisha hukumu na akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye kesi.

Malipo hutegemea fungu la bajeti, kwa hiyo hati ifike mapema kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Fuatilia kwa barua, kila barua ikitaja tarehe ya ile iliyotangulia, na kila nakala ipigwe muhuri. Kama upande wa Serikali umekata rufaa, uliza kama kuna amri ya kusimamisha utekelezaji. Isipokuwepo, endelea kudai.